Upendo na Kisasi cha Mungu katika Ukambani: Historia ya Taswira ya Moto

Suala la upendo na kisasi cha Mungu huachiwa wanateolojia, kana kwamba halimhusu mhakiki wa fasihi. Hata hivyo, mahubiri, kama ushairi, husimama juu ya taswira na sitiari. Na msikilizaji huzipokea taswira hizo kwa kuzipima na maisha anayoyajua. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi taswira ya moto wa jehanamu ilivyopokelewa katika nchi ya Wakamba, hasa Kitui na Makueni, na jinsi mapokezi hayo yalivyozaa mojawapo ya mijadala mikali ya Ukristo wa Afrika katika karne ya 20.

Hapana budi kuanza na maneno yenyewe. Neno la Kiswahili "kisasi" lina asili yake katika Kiarabu, na huko maana yake ni malipo yaliyolingana na kosa: jicho kwa jicho, wala si zaidi. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna kipimo. Neno "jehanamu" nalo, kwa kupitia Kiarabu, linatokana na jina la Kiebrania la bonde la Hinomu, karibu na Yerusalemu, ambako kwa mujibu wa Agano la Kale watoto walichomwa kuwa sadaka. Neno la kwanza lina mpaka. La pili, katika mafundisho ya wahubiri wengi, halina. Kikamba kwa upande wake hutumia neno "wendo" kwa upendo, kutokana na kitenzi "kwenda", ambacho hubeba maana ya kupenda na ya kutaka kwa pamoja. Kusema kwamba Mungu anampenda mtu ni kukaribia sana kusema kwamba anamtaka. Msikilizaji wa lugha hiyo ana haki ya kuuliza: anayetakiwa na Mungu aweza kutupwa?

Kabla ya Ukristo, kisasi katika Ukambani kilikuwa na wenyewe. Mungu alijulikana kwa majina ya Mulungu, Ngai, na pia Mumbi, yaani mwenye kuumba. Lakini hakuwa mlipizaji wa kila siku. Aliombwa mvua na uzima katika ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa. Aliyeapa kwa uongo alishikwa na kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko vyote. Mchawi au mwizi aliyeshindikana aliuawa kwa hukumu ya king'ole, na wazee hawakuitekeleza kabla ya jamaa wa karibu wa mshtakiwa kuridhia. Damu iliyomwagwa ililipwa kwa ng'ombe. Adhabu zote hizo zilitimia hapa duniani na zilikuwa na mwisho. Marehemu, wema na waovu, walikwenda kuwa aimu, wakaendelea kuwa jamaa wa walio hai na kupewa sehemu yao ya chakula na kinywaji.

Mmisionari wa kwanza kuingia nchi hiyo, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui mwaka 1849 akitokea Rabai, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Inafaa kukumbuka kwamba katika Injili hiyo hiyo, sura ya 9 inaonya juu ya moto usiozimika, na sura ya 12 inataja amri kuu ya upendo. Kwa hiyo, tangu andiko la kwanza, Mkamba alikabidhiwa mambo mawili kwa pamoja, bila daraja la kuyaunganisha.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akanusurika porini kwa kuchukua maji ndani ya mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini. Alipofika tena kijijini, jamaa za marehemu walimtia hatiani kwa kifo cha mkubwa wao, naye akalazimika kutoroka usiku. Tukio hili huelezwa mara nyingi kama kisa cha ujasiri. Likisomwa kwa mkabala mwingine, ni mkutano wa fikra mbili za haki: mgeni aliyehubiri kwamba kisasi ni cha Bwana, kama Paulo anavyofundisha katika Warumi 12, alijikuta mbele ya watu walioamini kwamba damu hudai jibu kwa walio hai.

Mbegu ya kudumu ilipandwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig walianza kazi Ikutha na baadaye Mulango, upande wa Kitui. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alijenga kituo cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, akafa Desemba 1896. Nzaui si mahali hivi hivi tu. Masimulizi ya Wakamba yanasema ni juu ya mwamba huo Mulungu alipowaweka watu wa kwanza, na nyayo zao zaonekana hadi leo. Habari ya moto wa mwisho ikahubiriwa chini ya mwamba wa mwanzo. Miaka michache baadaye, 1898 na 1899, ikaja njaa kuu iliyoitwa Ngomanisye, pamoja na maradhi. Nchi iliyozika watu wengi kiasi hicho haikuhitaji kuambiwa mateso ni nini. Ilihitaji kuambiwa ni nani aliyeyaleta, na kwa nini.

Ugumu mkubwa kuliko wote ulihusu wazee waliokufa kabla ya mhubiri kufika. Ikiwa asiyeamini huangukia moto wa milele, basi mzazi aliyezikwa wakati wa Ngomanisye yumo motoni, na mwanawe anaombwa ampende Yule aliyemtia humo. Mahubiri yaliyokataza kuwapa aimu sehemu yao yalikata uhusiano wa jamaa mzima kwa upande mmoja wa kaburi.

Wengine walijibu kwa unabii. Mwaka 1922, huko Kilungu, Ndonye wa Kauti alitangaza kwamba Mungu amesema naye na kwamba enzi mpya imekaribia, ambamo Wakamba wangeondokewa na utawala wa Wazungu. Serikali ya kikoloni ilimkamata na kumhamishia pwani. Katika ujumbe wake hukumu ya Mungu imegeuzwa uelekeo: hailengi tena wazee wa Kikamba bali waliowatawala wajukuu wao, nayo inatazamiwa hapa duniani na karibuni, kama kisasi cha kale kilivyokuwa.

Jibu la kitaaluma lilitoka Mulango, ambako John Mbiti alizaliwa mwaka 1931. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo hicho kilikuwa mikononi mwa Africa Inland Mission, na mafundisho yake ndiyo Mbiti aliyoyachunguza katika tasnifu aliyoikamilisha Cambridge mwaka 1963, iliyotoka kama kitabu mwaka 1971. Alizipitia taswira za Agano Jipya, moto, hazina, mji, chakula na machozi, na kuonyesha kwamba waumini wa Ukambani walifundishwa kuzichukua kama vitu halisi. Sitiari ilikufa, likabaki tanuri. Sababu moja aliyoitaja ni dhana ya wakati, ambayo katika kitabu chake cha 1969 aliieleza kwa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kwa maoni yake, wakati wa Kiafrika huelekea nyuma, na wakati ujao wa mbali hauna uzito. Kwa hiyo ahadi na tishio la mwisho wa dunia vilisikika kama mambo ya kesho asubuhi. Dhana hiyo imepingwa na wengi, akiwamo mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye. Uchunguzi wake wa taswira, hata hivyo, hauanguki pamoja nayo.

Mbiti aliona vigumu kukubali kwamba utengano wa mtu na Mungu waweza kudumu milele mbele ya upendo wa Mungu. Mwaka 1975 Byang Kato wa Nijeria, aliyekuwa katibu mkuu wa jumuiya ya makanisa ya kiinjili ya Afrika, alimshutumu kwa kufundisha kwamba wote wataokolewa. Hoja ya Kato haifai kudharauliwa. Hukumu ikiondolewa, aliyedhulumiwa hana pa kukata rufaa, na upendo usiochukia uovu hugeuka upole mtupu. Lakini Kato alisoma maneno ya Mbiti kama itikadi tu, bila kuuliza yalizaliwa katika nchi gani na yalitetea makaburi ya nani.

Historia hii yaonyesha kwamba Wakamba hawakukataa haki ya Mungu. Walitoka katika desturi ambayo haki ilikuwa na kipimo, na ambayo hata king'ole ilingoja ridhaa ya ndugu. Kilichowatatiza ni kisasi kisicho na kipimo, kilichohubiriwa kwa kinywa kile kile kilichotaja wendo. Mbiti aliendelea na lugha yake hadi uzeeni: tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, kutoka Kiyunani, ilitoka mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake. Moto umo ndani yake, na upendo pia, kama ulivyokuwamo katika Marko ya mwaka 1850. Kazi ya kuyasoma yote mawili pamoja imebaki kwa msomaji.