Evarcha: Buibui mrukaji anayewinda mbu walioshiba damu

WAKAZI wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Mbita katika Kaunti ya Homa Bay hadi Sori katika Kaunti ya Migori, huishi katika mojawapo ya maeneo yanayosumbuliwa zaidi na malaria nchini Kenya. Kandokando ya ziwa hilo hilo yupo kiumbe mdogo ambaye chakula akipendacho ni mbu aliyekwisha kunyonya damu.

Evarcha ni jenasi ya buibui warukaji iliyopewa jina na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1902. Ina makumi ya spishi, zikiwemo za Afrika, Ulaya na Asia. Buibui hawa hawanasi mawindo kwa utando. Huyaona kwa macho yao makali, huyanyemelea, kisha huyarukia.

Spishi ya Ziwa Victoria huitwa Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Ilielezwa kisayansi mwaka 2003 na Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa New Zealand. Hupatikana Kenya na Uganda, ina urefu wa takriban milimita 5, na huwinda kwenye kuta za nyumba na vigogo vya miti.

Buibui huyu hawezi kutoboa ngozi ya binadamu ili anyonye damu, hivyo huipata kupitia kwa mbu. Utafiti uliofanywa katika kituo cha ICIPE, Mbita, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa humchagua mbu jike mwenye damu hata anapopewa wadudu wengine. Makinda yake humtambua Anofelesi, mbu aenezaye malaria, kwa jinsi anavyotua akiwa ameinua tumbo, nayo humzunguka na kumvamia kwa nyuma. Mwaka 2011 ilibainika pia kwamba buibui huyu huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na watu.

Uteuzi huo una maana kubwa. Mbu aliyeshiba damu ndiye atakayetaga mayai. Aidha, vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa mwilini mwa mbu kabla ya kuambukiza. Mbu akiliwa mapema, mnyororo huo hukatika.

Hata hivyo, buibui si mbadala wa chandarua, wala wa dawa zitolewazo hospitalini. Lakini mwenye nyumba amwonapo akirukaruka ukutani, hana sababu ya kumuua.