Chuo cha Namilyango

Namilyango ni shule ya sekondari ya wavulana karibu na Mukono, Uganda, kongwe kuliko zote za bweni nchini humo. Ilianzishwa mwaka 1902 na wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill chini ya Askofu Henry Hanlon, kwanza kwa ajili ya wana wa machifu. Wenyeji wa Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka, wanastahili kuihesabu katika historia yao: hadi mwaka huohuo nchi yao ilikuwa ndani ya Uganda, kabla Waingereza hawajaihamishia himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wamisionari hawakusimamishwa na mpaka huo mpya. Walifungua misheni Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka 1904. Kavirondo, kama eneo hilo lilivyoitwa, ikajitenga kikanisa na Uganda mwaka 1925.