Kumsoma mpinzani katika poka ya mtandaoni

Kumsoma mpinzani katika poka ya mtandaoni ni kazi ya kukisia karata alizoshika mchezaji mwingine kwa kuangalia mwenendo wake mezani: ukubwa wa madau yake, muda anaoutumia kabla ya kucheza, na mazoea yake katika migawo mingi ya karata. Tofauti na poka ya ana kwa ana, uso, mikono na sauti ya mpinzani havionekani.

Msingi wa mchezo

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi mtandaoni, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa hatua. Anayefikiwa na zamu anaweza kuweka dau, kulipa dau la mwenzake, kuliongeza au kutupa karata zake. Fedha zote hukusanywa katika chungu kimoja. Mshindi ni mwenye karata bora mwishoni, au yule ambaye wenzake wote wametupa karata kabla ya mwisho. Njia hiyo ya pili ndiyo inayoruhusu kupiga mkwara, yaani kuweka dau kubwa wakati karata ni dhaifu, na bila mikwara kusingekuwa na haja kubwa ya kumsoma mtu.

Mchezo wa bao hautoi mfano mzuri hapa, kwa sababu kete zake zote ziko wazi na kinachofichwa ni nia tu. Poka inakaribiana zaidi na karata za turufu zinazochezwa vijiweni, Ujiji na Mwanga mjini Kigoma kama kwingineko nchini. Majina ya karata hizo, kopa, uru, shupaza na pao, pamoja na neno turufu lenyewe, yaliingia katika Kiswahili kutoka Kireno. Kijiweni mchezaji humtazama mwenzake anavyoshika karata, anavyonyamaza ghafla au anavyoanza kutamba. Mmarekani Mike Caro alichapisha mwaka 1984 kitabu kizima juu ya ishara za namna hiyo. Wazo lake kuu ni kwamba anayejionyesha mwenye nguvu mara nyingi ni dhaifu, na anayejionyesha mnyonge mara nyingi ana karata nzuri. Mtandaoni sehemu kubwa ya kitabu hicho haina kazi.

Ukubwa wa dau

Alama yenye uzito zaidi ni dau lenyewe. Wachezaji wengi wasio na uzoefu huweka dau dogo wanapokuwa na karata za wastani na dau kubwa wanapokuwa na karata nzuri, na hurudia hivyo bila kujua. Anayewaangalia kwa muda huanza kuona karata zao kupitia fedha zao.

Usomaji huo huambatana na hesabu. Tuseme chungu kina shilingi 1,000 na mpinzani ameweka dau la shilingi 500. Anayetaka kulilipa anatoa 500 ili kushindania 1,500 zilizopo, kwa hiyo hapati hasara ikiwa anashinda angalau mara moja katika kila mara nne. Hahitaji basi kuwa na hakika kwamba mpinzani anapiga mkwara. Inatosha kukadiria kama mkwara hutokea zaidi au chini ya robo ya nyakati hizo. Kusoma mpinzani ni makadirio ya namna hii, wala si kubashiri karata mojamoja kama inavyoonyeshwa kwenye filamu.

Muda wa kucheza

Alama inayozungumzwa zaidi, na inayopotosha zaidi, ni muda. Kwa kawaida kulipa dau papo hapo huchukuliwa kuwa dalili ya karata za wastani, kwa kuwa mwenye karata nzuri sana angetulia kidogo afikirie kuongeza. Ukimya mrefu unaofuatwa na ongezo kubwa huhesabiwa kuwa dalili ya nguvu.

Lakini ucheleweshaji una sababu nyingi zisizohusiana na karata. Mchezaji anaweza kuwa kwenye meza nne kwa wakati mmoja. Anayecheza haraka sana huenda alibonyeza kitufe cha kutupa karata hata kabla ya zamu yake. Tena kuna mtandao wenyewe. Nyaya za baharini zinazoiunganisha Tanzania na dunia, kama SEACOM na EASSy, hufika nchi kavu Dar es Salaam, na Kigoma iko takriban kilomita 1,000 kutoka hapo. Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchini kote. Mkoa wa Kigoma pia ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ya umeme, ukitegemea majenereta ya dizeli. Mchezaji wa Ujiji ambaye simu yake imepoteza mawimbi kwa sekunde kumi anaonekana, kwa aliyeko Ulaya, kama mtu anayesitasita. Mpinzani akiongeza dau kwa sababu hiyo amesoma mnara wa simu, hajamsoma mtu.

Takwimu na idadi ya migawo

Zipo programu zinazorekodi kila mgawo na kuonyesha takwimu za kila mchezaji juu ya meza. Takwimu ya kwanza ni asilimia ya migawo ambayo mchezaji ameingia kwa hiari. Anayeingia zaidi ya mara 40 katika 100 kwenye meza ya watu sita anacheza karata nyingi dhaifu. Anayeingia mara 12 husubiri karata nzuri tu, na dau lake linastahili kuogopwa.

Kosa la kawaida ni kutoa hukumu mapema. Mtu ambaye kwa kweli huingia mara 25 katika 100 anaweza, kwa bahati tupu, kuonekana ameingia mara 2 au mara 8 katika migawo 20 ya kwanza. Huyohuyo mmoja ataitwa mwoga na meza moja na mzembe na meza nyingine. Baada ya migawo 1,000 tofauti hiyo hupungua sana. Baadhi ya kampuni huzuia programu hizi, au huficha majina ya wachezaji ili kumbukumbu zisikusanywe.

Mifano maarufu

Mnamo 2007 Annette Obrestad wa Norwe alishinda shindano dogo la mtandaoni la watu 180 huku amefunika karata zake, akizitazama mara moja tu. Alitegemea nafasi yake mezani na madau ya wengine. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda shindano kuu la World Series of Poker Europe mjini London.

Mwaka 2007 pia wachezaji wa tovuti ya Absolute Poker walimtilia shaka mpinzani aliyelipa na kutupa kwa usahihi usiowezekana. Rekodi za migawo zilionyesha kwamba akaunti hiyo ilikuwa ikiona karata za siri za wengine. Udanganyifu huo uligunduliwa kwa kusoma mwenendo.

Mfano wa tatu unapunguza sifa za usomaji. Programu ya kompyuta iitwayo Pluribus, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook na kutangazwa mwaka 2019, iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza za watu sita bila kubadilika kulingana na mazoea ya mpinzani yeyote. Ilichanganya mikwara na madau ya kweli kwa uwiano ambao haukuacha kitu cha kusomeka.

Hasara na sheria

Kampuni inayoendesha meza hukata sehemu ndogo ya vyungu vinavyochezwa au hutoza ada ya kuingia shindanoni. Kwa sababu hiyo wachezaji wote kwa pamoja hutoa fedha zaidi ya wanazorudishiwa, na anayesoma wenzake vizuri kidogo tu kuliko wastani bado anaweza kumaliza mwezi akiwa amepoteza. Kwenye simu, ambako wengi hucheza, mgawo mmoja huchukua muda mfupi na hasara hukua upesi kuliko kijiweni.

Tanzania Bara, michezo ya fedha ya aina hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Mwendeshaji anatakiwa kuwa na leseni, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza.