Jinsi ya kurekebisha vyuma vya msokoto vya Volkswagen kuukuu

Volkswagen ya umbo la kobe, iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, haibebwi na springi za kuzungushwa kama yalivyo magari mengi. Nyuma yake mna vyuma viwili vya mviringo, kimoja kila upande, vilivyofichwa ndani ya bomba linalokatiza chini ya gari. Gurudumu linapoinuka, chuma husokotwa, linaposhuka, hujinyosha.

Gari likiinamia upande mmoja, wengi hukimbilia kununua shoki mpya. Shoki haibebi uzito wa gari hili. Kasoro hutafutwa kwenye chuma au kwenye raba zake.

Kabla ya kufungua chochote, egemeza gari juu ya vigingi imara, wala si jeki pekee. Ondoa gurudumu, fungua shoki upande wa chini, kisha tia alama kwa patasi mahali bamba la springi linapokutana na ekseli. Pasipo alama hiyo gurudumu halitarudi likiwa limenyooka. Fungua bolti zinazoliunganisha na ekseli, kisha zile nne za kifuniko.

Hapa ndipo pa hatari. Bamba hilo limekaa juu ya kizuizi cha chuma huku likisukumwa chini kwa nguvu nyingi. Likibanduliwa huruka ghafla, na linaweza kuvunja mkono. Lishikilie kwa jeki, ulishushe polepole, nawe usimame kando.

Urekebishaji wenyewe ni hesabu ya meno. Ncha ya ndani ya chuma ina meno 40, hivyo kila jino ni digrii 9. Ncha ya nje ina meno 44, kila moja karibu digrii 8.2. Ukisogeza ndani jino moja upande huu na nje jino moja upande wa pili, bamba hubadilika kwa digrii 0.8 tu. Ujanja huo ndio unaowezesha marekebisho madogo. Bamba likielekezwa chini zaidi, gari huinuka. Likielekezwa juu, hushuka. Pima kwa kipimapembe chenye pimamaji, ukilinganisha na sakafu ya gari, na ufuate kipimo cha mwaka wa gari lako, maana hutofautiana.

Chuma cha kushoto hakiwekwi kulia. Kiwandani kila kimoja kilizoeshwa kusokotwa upande wake, na kikigeuzwa huweza kukatika. Vilevile chenye mkwaruzo au kutu iliyokula ndani kitupwe, kwani ufa huanzia hapo. Paka grisi kwenye meno. Raba zipakwe poda, kwa kuwa grisi huzila.

Wakati wa kurudisha, inua bamba kwa jeki hadi lipite kizuizi, ukilivuta ndani kwa bolti mbili ndefu za kifuniko. Endesha gari kilomita chache likae sawa, ndipo upime urefu wa pande zote mbili na mwelekeo wa magurudumu.