Namna Mgongo wa Mtu Aliye Hai Ulivyoanza Kuonekana

Kibyongo ni ugonjwa wa zamani sana. Huko Misri kulionekana maiti ya kuhani mmoja wa mungu Amoni, jina lake Nesperehan, iliyotiwa dawa isioze. Mgongo wake ulikuwa umevunjika na kupinda, na jipu lilikuwa limeteremka ndani ya mwili hata karibu na paja. Alikufa yapata miaka 3000 iliyopita. Hata leo mtu wa namna hiyo akionekana, wengine husema mara moja: karogwa.

Mwaka 1779 Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika habari za watu waliopinda mgongo, kisha miguu yao ikakosa nguvu. Alitambua kwamba kupinda si mwanzo wa ugonjwa, bali mfupa umeoza kwanza. Lakini alijuaje? Kwa mkono juu ya mgonjwa, na kwa kisu juu ya maiti, basi. Mwaka 1882 Robert Koch alionyesha Berlin kijidudu cha kifua kikuu, na kijidudu hicho ndicho kinachokula mifupa ya mgongo pia. Chanzo kilijulikana, lakini ndani ya mtu mzima hapakuonekana bado.

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Mdachi Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopenya nyama. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Hakutaka kuufanya uvumbuzi wake mali yake peke yake, jambo tunalolisifu sana.

Mkono ni mwembamba, kiwiliwili sivyo. Miali ikiingia mwilini hutawanyika, na picha huwa kama imefunikwa na ukungu. Mwaka 1913 mambo mawili yalisaidia: William Coolidge wa Marekani alitengeneza taa ya miali yenye nguvu inayotawalika, na Gustav Bucky, Mdachi, alibuni wavu wa risasi wa kuzuia miali iliyopotea njia. Baadaye Hollis Potter wa Chicago aliufanya wavu huo utembee, ili mistari yake isionekane pichani. Tangu hapo pingili za mgongo ziliweza kuhesabiwa moja moja.

Basi daktari hutazama nini? Katika kifua kikuu, mara nyingi pingili mbili jirani huliwa kingo zake, na nafasi kati yao hupungua. Kando yao huonekana kivuli cha jipu. Saratani ina desturi nyingine: hula mfupa, na nafasi ile huiacha. Tena, ukitazama picha ya mbele, kila pingili ni kama uso wenye macho mawili. Jicho moja likitoweka, daktari huingiwa na wasiwasi.

Lakini picha hukawia. Mfupa hauna budi kupoteza sehemu kubwa, kama theluthi au zaidi, ndipo upungufu uonekane. Kwa hiyo picha nzuri ya leo haimwondolei shaka mtoto mwenye maumivu ya mgongo na homa za jioni. Na wazee wengi wana pingili zilizochakaa pichani, wala hawaumwi.

Tena miali hiyo hudhuru. Clarence Dally, msaidizi wa Edison, alikufa mwaka 1904 kwa saratani iliyotokana nayo. Mwaka 2000 Wamarekani walitangaza kwamba wanawake waliopigwa picha nyingi za mgongo uliopinda tangu usichana walikufa kwa saratani ya maziwa kuliko wengine. Ndiyo sababu siku hizi msichana huupa mtambo mgongo, si kifua.

Dawa za leo huua vijidudu vya kibyongo katika miezi kadhaa. Lakini pingili iliyoanguka hairudi kama zamani, na mgongo wa mtoto aliyepona waweza kuendelea kupinda kadiri anavyokua. Kwa hiyo huitwa tena hospitali, pembe ya mgongo ipimwe pichani, hata amalize kukua.