Madhara ya Dawa Mbadala za Ugonjwa wa Crohn kwa Mgonjwa wa Unguja

Ugonjwa wa Crohn ni maradhi sugu yanayofanya kuta za njia ya chakula zivimbe na kutoka vidonda. Huweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, ila aghalabu hukaa mwisho wa utumbo mdogo. Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliueleza mwaka 1932, na hadi leo haujapatiwa dawa ya kuumaliza: hutulia, kisha huamka. Dawa za hospitali huutuliza kwa gharama. Prednisoloni hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, azathioprini hupunguza chembe nyeupe za damu, na infliximabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1998, hupunguza uwezo wa mwili kujikinga na maambukizi. Hofu ya madhara hayo, ikichanganyika na bei, humfanya mgonjwa atafute kwingine, na huko huambiwa kuwa dawa ya asili haina kemikali, kwa hiyo haina madhara.

Kauli hiyo si kweli. Lakini hata jibu lililozoeleka la wataalamu, yaani kuorodhesha madhara ya mmea mmoja mmoja, halitoshi. Uzito wa madhara hutegemea mwili unaoipokea dawa: una maradhi gani mengine, umebeba vimelea gani, unatumia dawa gani pembeni. Tafiti nyingi za dawa mbadala za Crohn zimefanywa Ulaya na Marekani, kwa watu waliokulia katika mazingira tofauti kabisa na ya visiwani. Matokeo yao hayawezi kuhamishiwa Unguja bila kupimwa upya.

La kwanza la kupimwa ni ugonjwa wenyewe. Kuharisha kwa miezi, maumivu ya chini ya tumbo upande wa kulia, homa za jioni na kukonda ni dalili za Crohn, na pia ni dalili za TB ya matumbo, ambayo kwa Tanzania ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi. Magonjwa haya mawili hufanana hata kwenye kamera ya utumbo, na wakati mwingine hata chini ya hadubini. Mwenye TB anayekunywa mitishamba kwa miezi sita akiamini ana Crohn amepoteza muda ambao ungetosha kumponya, maana TB ya matumbo hutibika kwa matibabu ya takriban miezi sita hiyo hiyo. Mmea anaoutumia unaweza usiwe na sumu hata kidogo, na bado ukamdhuru kwa kumchelewesha.

Katika maduka ya dawa za asili ya Darajani, mjini Unguja, shubiri huuzwa ikiwa bonge jeusi linalong'aa kama kigae cha chupa. Ni utomvu wa mshubiri uliokaushwa, na kipande kidogo tu hutosha kuujaza mdomo uchungu. Karne ya 19 wafamasia wa Uingereza waliijua aina mojawapo kwa jina la shubiri ya Zanzibar, kwa kuwa ilipitia katika bandari ya Zanzibar. Utomvu huo si sawa na ute mweupe wa ndani ya jani. Una kemikali ziitwazo antrakwinoni, ambazo huusukuma utumbo mpana kwa nguvu, na sanamaki hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa mtu mwenye afya aliyefunga choo siku mbili, madhara ni msokoto wa tumbo unaopita. Mgonjwa wa Crohn, ambaye tayari anapoteza maji na potasiamu kwa kuharisha, anaweza kuishiwa nguvu za misuli na mapigo ya moyo kuvurugika. Ikiwa makovu yameubana utumbo, kuusukuma kwa nguvu ni hatari zaidi. Dozi ile ile, iliyonunuliwa kwenye duka lile lile, ina madhara mawili yasiyolingana.

Manjano nayo hutaka tahadhari ya namna yake. Iliyo kwenye mchuzi haina neno. Mambo hubadilika inapokuwa vidonge vya kurukumini iliyokolezwa na kuchanganywa na dondoo ya pilipili manga, ambayo huongeza mno kiasi kinachoingia kwenye damu. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilichunguza mfululizo wa wagonjwa wa ini waliokuwa wakitumia vidonge vya aina hiyo. Ubani una sifa nzuri zaidi kwa upande wa usalama, lakini manufaa yake hayajathibitika: utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2011, uliowafuatilia kwa wiki 52 wagonjwa ambao Crohn yao ilikuwa imetulia, haukuona tofauti ya maana kati ya vidonge vya ubani wa Kihindi na vidonge visivyo na dawa.

Tiba inayoonyesha kwa uwazi zaidi nguvu ya mahali ni ile ya minyoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliona kuwa Crohn huongezeka katika nchi ambako minyoo imetoweka, wakadhani kuwa huenda minyoo huutuliza mfumo wa kinga. Mwaka 2005 walichapisha matokeo ya wagonjwa 29 waliomeza mayai 2,500 ya minyoo mjeledi ya nguruwe kila baada ya wiki tatu kwa wiki 24. Wagonjwa 21 walipata nafuu kamili, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kundi hilo lilipowekwa, katika jaribio la Ulaya lenye wagonjwa 252 lililochapishwa mwaka 2017, mayai hayakukishinda kinywaji kisicho na dawa. Watafiti wengine walijaribu minyoo ya safura.

Madhara yaliyoripotiwa katika majaribio hayo yalikuwa madogo, lakini yalipimwa kwa watu wanaokula vizuri, kwa idadi ya minyoo iliyohesabiwa. Unguja na Pemba zimeyaona madhara ya minyoo bila hesabu hiyo. Tafiti za miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa Pemba zilionyesha jinsi safura inavyonyonya damu na kuwaachia watoto upungufu wa madini ya chuma. Minyoo mjeledi ikizidi huleta kuhara damu, kudumaa, hata utumbo kutoka nje. Ndiyo maana wanafunzi wa visiwani wamekuwa wakigawiwa dawa za minyoo kwa miongo kadhaa, na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ya Chake Chake imelishughulikia tatizo hili tangu ilipofunguliwa mwaka 2000. Kwa jamii ya Kiislamu kuna pia suala la asili ya mayai yenyewe, na hoja ya dharura ni dhaifu pale manufaa yasipothibitika. Kumpendekezea mgonjwa wa Unguja tiba hii ni kosa.

Kuna mnyoo mwingine unaostahili hofu kubwa zaidi. Strongyloides stercoralis, ambaye amepatikana Unguja, huweza kuzaliana ndani ya mwili mmoja kwa miongo bila dalili. Mwenye mnyoo huyu akipewa prednisoloni, ambayo ni steroidi, kinga hushuka, mabuu huenea mapafuni na kwingineko, na mgonjwa anaweza kufa. Hapa dawa mbadala na dawa ya hospitali hukutana, kwa sababu unga au maji ya mitishamba yaliyotiwa steroidi kwa siri ni tatizo lililothibitishwa katika nchi nyingi. Dalili yake ni nafuu ya haraka mno: hamu ya kula ndani ya siku mbili, uso kujaa ndani ya wiki chache.

Naltreksoni ya dozi ndogo, dawa inayozuia nguvu za heroini na methadoni na inayosifiwa ughaibuni kwa Crohn, inaelezwa kuwa na madhara mepesi kama ndoto kali. Kwa mtu anayepewa methadoni kila siku katika kliniki iliyofunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015, dozi hiyo inaweza kumtia arosto mara moja.

Zanzibar ina sheria ya chakula, dawa na vipodozi tangu mwaka 2006, na ina baraza linalosimamia tiba asili na tiba mbadala. Vyombo hivi vitafaa zaidi vikianza na chupa isiyo na lebo. Tabibu wa asili aandike kilichomo na kipimo chake. Daktari amuulize mgonjwa anatumia nini nyumbani, kwa sauti isiyomfanya afiche, na aandike jibu kwenye cheti. Na kabla mgonjwa yeyote wa Unguja hajaanzishiwa dawa ya kushusha kinga, achunguzwe TB na Strongyloides. Akikutwa na mnyoo huyo, apewe ivamektini kwanza.