Zebaki haina mpaka: usalama kazini baada ya Migori na Homa Bay

Sisi wa Pwani tukisikia maneno "usalama kazini", akili hukimbilia bandarini, kiwanda cha saruji, kofia ngumu na viatu vyenye chuma mbele. Tunasahau kwamba Wakenya wengi hawafanyi kazi penye geti wala meneja. Wako shimoni, baharini, ziwani na barabarani. Mustakabali wa afya na usalama kazini utaamuliwa huko kwao. Ndiyo maana leo, msomaji, nakupeleka mbali kidogo, Nyanza, kwenye kaunti za Migori na Homa Bay.

Kazi ya karai

Eneo la Nyatike, Migori, limechimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, lakini watu hawakuacha kuchimba. Leo kazi iko mikononi mwa wachimbaji wadogo, wanaume kwa wanawake.

Mawe yakitolewa shimoni husagwa kwa mashine hadi yawe unga. Unga huo huoshwa ndani ya karai kwa maji na zebaki, kazi ambayo aghalabu hufanywa na wanawake, kwa mikono mitupu. Zebaki huzishika chembe za dhahabu zikawa donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa ikiwa mvuke, dhahabu hubaki.

Kila hatua ina hatari yake. Shimo lisilotiwa magogo ya kutosha huporomoka, hasa msimu wa mvua. Vumbi la mawe hukwama kwenye mapafu na kuyafanya magumu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huingia kwa pumzi, ukafika kwenye ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Na pale donge linapochomewa jikoni, watoto wa nyumba hiyo huvuta mvuke uleule ingawa hawajawahi kushika jembe.

Kutoka mtoni hadi kwenye sahani

Hapa ndipo usalama wa kazi na utunzaji wa mazingira unapokuwa jambo moja. Maji ya karai humwagwa, na mvua huyasukuma mtoni. Mto Migori huungana na Mto Kuja, na Kuja humwaga maji yake Ziwa Victoria. Ndani ya maji, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina yenye sumu kali zaidi. Samaki wadogo huila, wakubwa huwala wadogo, na sumu huzidi kujikusanya kwa wale wakubwa kama mbuta.

Sisemi kwamba samaki wa ziwa ni sumu. Nasema njia ipo, na dunia imeshaonyeshwa mwisho wake. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakiugua ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu. Ilikuja kujulikana kwamba chanzo ni zebaki ya kiwanda iliyokuwa ikimwagwa ghubani, na iliwafikia kupitia samaki. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo.

Sasa mtazame mvuvi wa Homa Bay, wa Mbita au Mfangano. Yeye hagusi zebaki. Ana hatari zake: hutoka usiku na taa kuvua omena, upepo wa ziwa hubadilika ghafla, na wengi hawana jaketi la kujiokoa. Lakini riziki yake inategemea maji yanayoanzia kwa jirani. Mchimbaji asipolindwa, mvuvi naye hana kinga.

Sheria ipo, mwajiri ni nani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikiwa viwanda peke yake. Inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe ya kudumu au ya muda, na inamtaja hata aliyejiajiri mwenyewe. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, inataka iwepo kamati ya usalama na afya. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima. Sheria ya Madini ya 2016 nayo inatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali na kamati katika kaunti.

Tatizo ni kwamba shimoni hujui mwajiri ni yupi. Yuko mwenye shamba, mwenye shimo, mwenye mashine ya kusaga na mnunuzi wa dhahabu. Mchimbaji hulipwa kwa mgao wa mawe, kama baharia wa uvuvi anavyolipwa kwa mgao wa samaki. Akiumia, kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole.

Tunalijua somo hili

Watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa gharama ya kuchelewa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi kilifanya kazi kando ya Owino Uhuru kuanzia 2007 hadi 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aliligundua tatizo baada ya mtoto wake mchanga kukutwa na risasi mwilini. Sumu haikuishia ukutani mwa kiwanda. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa 2023, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo. Hakuna kiasi cha pesa kinachoiondoa risasi kwenye ubongo wa mtoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kifanyike nini?

Mkataba wa Minamata umetaja mambo manne ya kukomeshwa kwanza: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge hadharani, kulichoma kwenye makazi ya watu, na kutumia sianidi kwenye mabaki yenye zebaki. Haya hayahitaji teknolojia ya ajabu. Kuna chungu cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke ili zebaki irudi kuwa maji na itumike tena. Kuna njia za kutenga dhahabu kwa uzito wake bila zebaki kabisa. Vikundi vikiwa na kibali na sehemu moja ya kusafishia, mkaguzi atajua pa kwenda.

Kwa wavuvi, vikundi vya usimamizi wa fuo tayari vina orodha ya vyombo na mabaharia. Vikipewa nguvu, boti isiyo na majaketi haitoki. Zahanati nazo ziwe na swali moja la kumuuliza kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Bila swali hilo, mtetemeko wa zebaki utaitwa uchovu, na mapafu ya vumbi yatatibiwa kama kifua kikuu.

Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi za kila mfanyakazi. Haki hiyo ni ya mama wa karai Nyatike, na ni ya mchonga mawe wa Kilifi, wa mvuna chumvi wa Gongoni na wa baharia wa Vanga vilevile. Nao pia wengi hawana mwajiri wa kumnyooshea kidole. Tukiwauliza viongozi wetu kuhusu mishahara, tuwaulize na hili: mara ya mwisho mkaguzi wa usalama alifika lini huko?